Una Uhakika Unataka Kufuta?

"Kompyuta haijawahi kunizidi akili," Sipitwi alimwambia shangazi yake, akiwa amejitandaza kwenye kiti cha kuzunguka cha mbele ya kompyuta kana kwamba alikizaa yeye. "Faili likipotea mikononi mwangu, shangazi, ujue nilitaka lipotee."

Shangazi alikuwa anafunga begi. Dada yake alikuwa amevunjika nyonga na alitaka mtu wa kumuuguza, kwa hiyo hakuwa na muda wa kubishana na kijana ambaye ukoo mzima ulishakata tamaa ya kumshinda kwa maneno. Hilo jina la Sipitwi walimpa kwa kejeli. Yeye alilipokea kama cheo.

Kazi ya shangazi ilifanyika hapo hapo sebuleni. Kona moja ilikuwa na kitambaa cheupe ukutani na stuli mbele yake, kwa wanaotaka picha za pasipoti. Kona ya pili ilikuwa na meza, kompyuta, skana, na printa iliyokohoa kwanza ndipo itoe karatasi. Kona ya tatu ilikuwa ya bibi, mama yake shangazi, na kochi lake na redio yake ndogo mapajani. Macho ya bibi yalikwisha zamani, masikio yakachukua kazi zote mbili na hayakuwahi kulalamika. Kona ya nne ilikuwa na mlango, na wageni waliipenda kuliko zote Sipitwi akishaanza hadithi zake.

Pasipoti zililisha nyumba, lakini sifa za shangazi zilitokana na picha kuukuu. Watu walimletea zilizochanika, zilizoota ukungu, zilizonyeshewa. Alizipitisha kwenye skana, kisha akakaa nazo siku nyingi akiondoa doa moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto tongotongo. Wengi wa watu hao kwenye picha walikuwa wameshafariki. Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu mteja wa pasipoti hapendi kukalishwa kwenye stuli akitazamana na marehemu kwenye kioo cha kompyuta. Anakakamaa. Mmoja aliwahi kuinuka akasema anarudi sasa hivi, na hiyo sasa hivi yake haijafika mpaka leo.

Basi shangazi alibuni utaratibu wake. Marehemu ambao hajamaliza kuwasafisha aliwaficha ndani ya folda za pasipoti zilizokwisha kuchukuliwa, zile zinazosubiri kufutwa. Nani atachungulia huko? Hata wateja wenye shingo ndefu hawakuwa na hamu na nyuso za watu waliokwisha kwenda zao. Na yeye mwenyewe hakuwahi kukosea, kwa sababu ya kisanduku. Kila alipobonyeza kitufe cha kufuta, kompyuta ilileta kisanduku katikati ya kioo, ndani yake picha ndogo ya huyo anayetaka kuondolewa, na swali: Una uhakika unataka kufuta faili hili? Chini yake Ndiyo na Hapana. Shangazi alilisoma swali kwa sauti, akautazama uso, ndipo akajibu. Akaenda kwa anayefuata, akalisoma tena. Utadhani anaita mahudhurio.

Asubuhi ile ya safari alikuja Fundi Saa, mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa mtaa wa pili, mkimya kiasi kwamba ukikaa naye utasikia saa zake mfukoni. Mkewe alikuwa amefariki, na mama huyo katika maisha yake yote ya ndoa alikubali kupigwa picha mara moja tu. Siku za nyuma bomba la nyumbani kwake lilikuwa limepasuka, picha ikalowa. Shangazi aliiwahi kwenye skana, na alipoibandua karatasi ilimsambaratikia vidoleni kama mkate mkavu. Kwa hiyo sasa sura ya mama yule ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, ndani ya mashine hii. Shangazi alimfungulia mzee aone kazi ilipofikia: nusu ya uso safi, nusu bado doa. Fundi Saa alitazama, akashukuru, akauliza kama shangazi atakaporudi kutoka safarini picha itakuwa imekamilika. Shangazi akamwambia itakuwa tayari. Sipitwi alikuwepo, ila macho yake yalikuwa kwenye simu, anawachekesha watu kumi ambao hawakuwepo.

Mlangoni shangazi aligeuka. Mashine imejaa, alisema, kwa hiyo amsaidie kufuta zilizochukuliwa, lakini moja moja. "Na ukiulizwa, baba, soma kabla ya kujibu."

"Nikiulizwa na nani?"

"Na kompyuta."

Sipitwi alimwambia aondoe shaka, aende salama, ampe pole mgonjwa. Akambebea begi hadi nje. Ubaya wa Sipitwi haukuwa moyoni.

Alianza kazi baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limejaa dirishani na bibi akisikiliza bei za mazao ambayo hakuwahi kuyalima. Alifuta ya kwanza. Una uhakika? Ndiyo. Ya pili. Una uhakika? Ndiyo. Ya tatu, ya nne. Ilipofika ya saba alimwambia bibi kwamba kompyuta hii inahoji kama mama mkwe mlangoni.

"Mama mkwe anahoji kwa sababu anakujua, mume wangu," bibi akamjibu. Alimwita mume wangu tangu akiwa anatambaa, na hakuacha kumdai matumizi ya nyumba.

Sipitwi akaamua kuimaliza kesi. Alibofya pipa la taka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua mipangilio yake, akakuta mambo mawili. La kwanza lilitaka kujua kama mafaili yakae kwanza kwenye pipa au yafutwe papo hapo. Akachagua papo hapo. Pipa la nini kwa mtu mwenye uhakika? La pili lilikuwa na tiki pembeni: Onyesha kisanduku cha kuthibitisha kabla ya kufuta. Akaitoa tiki. Akabofya Sawa. Kisha akajaribu kwa picha ya mkono wake mwenyewe aliyoipiga wakati huo. Ikaondoka kimya, bila kuuliza, bila kuacha kitu kwenye pipa.

"Sasa tunaelewana," alisema.

Akaingia folda ya kwanza, akachagua picha zote kwa mpigo, akabonyeza. Zikapukutika. Folda ya pili, zikapukutika. Ilikuwa raha, lazima tuseme ukweli, raha kama ya kung'oa plasta iliyokwisha kukauka. Folda ya tatu alichagua zote, akabonyeza, zikapukutika, ikabaki moja.

Kikatokea kisanduku.

Una uhakika unataka kufuta faili hili?

Sipitwi alikunja uso. Ndani ya kisanduku kulikuwa na picha ndogo, saizi ya ukucha: mwanamke wa kizamani kwenye kiti cha mbao, pazia la maua nyuma yake. Hakuwa anatazama mbele kama watu wa pasipoti. Alikuwa anatazama pembeni kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kijana akajiambia lazima shangazi alilipachika kinga faili hili bila kujua, mambo ya watu wazima na vitufe. Folda ilikuwa ya zilizochukuliwa. Ameshachukuliwa huyu.

"Ndiyo, mama," alisema kwa sauti, kwa mbwembwe, akabofya.

Kisanduku kikaondoka, kikarudi. Swali lile lile. Picha ile ile, ila safari hii alimwona kama amegeuza uso kumwelekea yeye. Lakini nani anaweza kuapa juu ya picha ya saizi ya ukucha? Jua lilikuwa bado dirishani. Hata hivyo Sipitwi alihisi ubaridi ukimpanda kwenye viganja, kama mtu aliyeshika chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, na ili kuufukuza akaongeza sauti.

"Ndiyo, mama. Kwaheri."

Akabofya. Folda ikabaki nyeupe.

Alirudi kwenye mipangilio ya pipa kuangalia. Tiki haikuwepo. Akatengeneza faili tupu, akalifuta, halikuuliza. Akatengeneza jingine, akalifuta, halikuuliza. Akafuta folda zote zilizobaki hadi ya mwisho, na hakuna kisanduku kilichojitokeza tena. Kilikuja mara mbili, kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa wa pasipoti.

Hapo ndipo Sipitwi alipoikumbuka ile picha kuukuu ya asubuhi. Alifungua mashine nzima akimtafuta mke wa Fundi Saa. Alitafuta kwa jina la mzee, kwa mtaa, kwa neno mama, kwa neno mke. Alitafuta kwenye ukurasa wa mbele wa kompyuta, kwenye nyaraka, kwenye kila kijumba ambamo mtu mwenye akili timamu angeweka kitu cha thamani. Kwenye pipa hakukuwa na kitu, kwa sababu pipa alilifunga mwenyewe. Na kadiri alivyokosa, ndivyo pazia la maua lilivyomrudia kichwani.

Fundi Saa alipita jioni hiyo akitoka kibandani. Alisema hana neno, anapita tu, anaomba kumwona kidogo. Sipitwi akamwamkia kwa heshima zote alizokuwa amezihifadhi tangu azaliwe, akamwambia mashine imechoka, inapumzika, joto. Mzee akaitikia kwamba hata saa huchoka. Alisimama kidogo akiutazama ule weusi wa kioo, akaaga. Alimuaga bibi, akamuaga Sipitwi, na Sipitwi akaona kama kichwa cha mzee kimeinama kidogo kuelekea mezani vilevile.

Kesho yake Sipitwi alipata kwa rafiki yake programu ya kufufua mafaili, akaiwasha. Ilisaga asubuhi nzima. Walianza kurudi mmoja mmoja: watu wa pasipoti, wamekaa wima, masikio nje, wamenuna kama sheria inavyotaka. Hakuwahi kufurahi hivyo kuona watu walionuna. Walirudi wote, hata ule mkono wake. Mwisho kabisa likarudi faili la picha kuukuu, na ukubwa wake ulikuwa kamili, hakuna kilichopungua. Sipitwi akapiga kofi la peke yake, akalifungua.

Pazia la maua lilikuwepo. Kiti cha mbao kilikuwepo, na nyuma yake kimeza chenye glasi. Madoa yalikuwepo pia, yale yote ambayo shangazi alishayasafisha, yamerudi mahali pake. Yalikuwa yamezunguka nafasi yenye umbo la kichwa na mabega, yakaishia kwenye kingo zake, na katikati ya umbo hilo lilionekana pazia. Kiti kilikuwa kitupu. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati, kama wa kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Sipitwi alijua kidogo kuhusu mafaili yaliyoharibika. Aliwahi kuyaona: yanakatika nusu, yanageuka kijivu, yanapigwa mistari ya rangi. Hayamtoi mtu kwenye kiti na kukuonyesha pazia lililokuwa nyuma ya mgongo wake. Sehemu hiyo ya pazia hakuna kamera iliyowahi kuiona.

Alirudisha mipangilio yote kama alivyoikuta. Pipa, tiki, Sawa. Kisha, kwa sababu asingeweza kukaa chumba kimoja na kile kiti, akajaribu kulifuta lile faili. Sasa kisanduku kilikuwa kimewashwa, kilipaswa kuuliza. Hakikuuliza. Alibonyeza tena. Hakukuja swali, na picha haikuondoka. Alibonyeza mpaka bibi akamuuliza anapigana na nani. Akasema hakuna mtu, bibi. Bibi akasema sawa, akarudi kwenye redio.

Shangazi alirudi wiki iliyofuata, na Fundi Saa alifika kabla hata hajavua viatu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Sipitwi alikuwa ameshajiandalia maneno yake, ameyapanga, ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, na alipoyatoa yalitoka laini kama sabuni. Kwamba faili limejiharibu lenyewe. Kwamba hizi mashine za zamani hula vitu. Kwamba yeye alifungua tu, akakuta hivyo, akaumia sana.

Shangazi aliifungua picha. Aliweka kidole kwenye kioo, mahali palipokuwa na shavu alilolisafisha siku nzima, akakitoa.

Fundi Saa alisogea. Alitazama muda mrefu, bila kubadilika uso, kama anayefungua saa asiyojua nani aliifunga.

"Ameinuka," alisema.

Shangazi akaanza kumwomba radhi, kwamba hajui limetokeaje, na kwamba angejua asingesafiri. Mzee hakuwa anamsikiliza. Alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba siku mkewe alipofariki yeye alikuwa kibandani, amefungua saa ya ukuta ya watu. Aliporudi nyumbani alikuta kiti hiki hiki, mto umebonyea hivi hivi. Mama alikuwa ameinuka akaenda kujilaza chumbani, na huko ndiko alikomkuta. Hakumwita jirani, hakumtuma mtu. Mzee alisema kilichomuuma kuliko kifo chenyewe ni kwamba mkewe aliondoka kana kwamba hakuna wa kumuaga. Mzee akamnunia. Alimnunia marehemu miaka yote hii, aibu iliyoje. Alipoileta picha hapa alikuwa amechoka kununa, anataka wapatane.

Aliacha kioo, akamgeukia Sipitwi.

"Kijana, wewe ndiye uliyekuwa hapa. Mimi sina kesi na wewe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ameondoka hivi hivi tena? Bila kumwambia mtu?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele ya Sipitwi. Neno moja la kweli lingemponya mzee na kumchafua yeye. Aliliona neno lenyewe, lilikuwa limesimama karibu kabisa. Lakini shangazi alikuwa anamtazama, na alikumbuka ile sauti ya mlangoni, ukiulizwa, baba, soma. Mdomo wake ukakimbilia ulikozoea.

"Bila kumwambia mtu, mzee," alisema. "Hapakuwa na onyo. Mimi sikuulizwa chochote, wala sikujibu chochote."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Mabega yake yalishuka kidogo ndani ya lile shati lililopigwa pasi, na ndicho kitu kibaya zaidi ambacho Sipitwi aliwahi kukiona mchana kweupe.

Kwenye kona ya tatu, redio ilizimwa.

"Mume wangu," bibi alisema. "Hapana. Usimfanyie mzee wa watu hivyo."

"Bibi, haya ni mambo ya kompyuta."

"Ya kompyuta siyajui. Mimi nilikuwa hapa nimekaa. Uliulizwa. Mwanamke alisimama hapo mezani akakuuliza kama una uhakika. Ukamjibu, ndiyo, mama. Akakuuliza mara ya pili, polepole, kama mtu anayeomba abembelezwe kidogo. Ukamwambia ndiyo, mama, kwaheri. Akaenda zake. Nikajua ni mteja, nikashangaa tu kwamba sikusikia mlango."

Shangazi, rangi imemtoka, akamwambia mama yake pengine alimsikia yeye siku nyingine, si anajua anavyosomaga kile kisanduku kwa sauti. Bibi akasema sauti ya mwanawe anaijua tangu ikiwa kilio, na haikuwa hiyo. Huyu alikuwa na sauti nyembamba, na kila akimaliza kusema alivuta pumzi kidogo, kama anataka kuongeza neno halafu anaghairi.

Fundi Saa alishika ukingo wa meza.

Kisha akavuta ile stuli ya pasipoti, akaiweka mbele ya Sipitwi, akakaa juu yake, magoti yao yakakaribia kugusana. Mgongo wake aliupa kompyuta. Bibi naye alikuwa amegeuza uso, na macho yake yasiyoona yalikuwa yamemlenga mjukuu wake sawasawa.

"Nirudilie maneno hayo," mzee alisema. "Alivyokuuliza, na wewe ulivyomjibu. Usiruke neno."